Vilima vya Kisii na Daftari la Sukari

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Kisii huikata nchi karibu nzima. Akiisha kuipita Nairobi huteremka Bonde la Ufa, akapita Narok, Bomet na Sotik, hata akafika Keroka, mji uliokaa mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira. Huku hakuna minazi wala upepo wa bahari. Kuna migomba hadi mlangoni mwa nyumba, mashamba ya chai yaliyolala juu ya vilima kama majamvi, na mvua ya alasiri iletayo baridi ambayo sisi watu wa pwani hatujaizoea.

Tulikwenda wawili, mama na mama mdogo, kumchukua binti yetu anayesoma chuo huko. Ana kisukari cha aina ya kwanza tangu utotoni. Mwili wake hautengenezi insulini, na bila sindano za kila siku hawezi kuishi. Nyumbani kila jambo lake lilikuwa na saa yake. Muhula ulipopamba moto, saa hizo zikavurugika. Masomo ya asubuhi yalimkuta hajala, mitihani ikamkesha, chai ya sukari na chapati vikawa chakula cha usiku. Vijiti vya kupimia vilipokwisha, akaahirisha kununua vingine. Sindano hakuacha, alhamdulillahi, lakini alidunga kwa kukisia. Tulipofungua daftari lake la vipimo, kurasa za wiki sita zilikuwa tupu.

“Niliogopa mtanitoa chuo,” alisema, macho yake chini.

Mama yake mdogo akamjibu, “Chuo utamaliza, inshallah. Leo tuanze na kupima.”

Tukakaa huko siku nne. Kazi ya kwanza ilikuwa kupima kabla ya kila mlo na kabla ya kulala, na kuandika kila tarakimu, nzuri na mbaya. Kliniki alikopelekwa, muuguzi alilisoma daftari kabla ya kugusa dawa. Alieleza kuwa watu wengi wenye kisukari hulenga takribani 4 hadi 7 kabla ya kula, ila kila mgonjwa hupangiwa lengo lake na daktari. Akaonya kwamba dozi iliyosahaulika hailipwi kwa kudunga maradufu, kwani sukari yaweza kushuka ghafla. Kisha akachukua damu kwa kipimo cha HbA1c, kionyeshacho wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu, karibu urefu wa muhula mzima.

Chakula tulikitafuta soko la Daraja Mbili mjini Kisii. Wenyeji wana ugali wa wimbi waitao obokima, na mboga chungu za majani: chinsaga, ambayo ndiyo mgagani, na rinagu, ndiyo mnavu. Tulimwonyesha binti kugawa sahani: nusu mboga, robo ugali, robo maharagwe, samaki au nyama. Ndizi mbichi za kupika, ambazo Wakisii wanazo kwa wingi, huhesabiwa pamoja na ugali, kwa kuwa ni wanga hata kama hazina utamu mdomoni. Miwa iuzwayo kando ya barabara tuliiacha.

Siku ya tatu tulikwenda Nyamira, tukatembea njia za mashamba ya chai upande wa Kebirigo. Kwa mtu wa Mombasa, kupanda vilima vile ni kazi nzito, na misuli ifanyapo kazi hutumia sukari. Katikati ya mlima binti alianza kutetemeka na kutoka jasho. Alipima, akapata 3.6. Akanywa maji yaliyokorogwa vijiko vitatu vya sukari, akakaa dakika kumi na tano, akapima tena na kula kipande cha mkate. Tokea hapo hatoki bila sukari mfukoni, na mwenzake wa chumbani amefundishwa la kufanya.

Wazazi wenye vijana vyuoni, lipo na jambo la pili la kuwafundisha wenzao hao. Sukari ikipanda, mgonjwa akatapika, akahema kwa kasi, na pumzi yake ikanuka kama matunda yaliyoiva, hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali usiku huohuo. Insulini isiwekwe katika buti la basi, bali mkobani. Na ikifika joto la pwani, nyumba isiyo na friji itumie mtungi wa udongo wenye maji, dawa ikiwa ndani ya chombo kikavu kilichofunikwa. Ramadhani ikikaribia, kijana amwone daktari mapema kabla ya kunuia. Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga.

Binti yetu atarudi Kisii muhula ujao. Tumekubaliana kwamba kila Ijumaa jioni atatusomea tarakimu za wiki kwa simu, nasi tutazisikiliza zote bila kugomba, hata zile za juu. Pesa za vijiti zimetengwa pamoja na karo, na tarehe ya kliniki imeandikwa kwenye kalenda ya nyumbani kabla ya tarehe ya mtihani wa kwanza.