Kipepeo wa Milimau

Miche ya milimau ya shule yetu ilipoliwa majani, tuliwalaumu panzi. Madoa meusi yenye weupe juu ya majani tukawaambia watoto kuwa ni mavi ya ndege. Mtoto mmoja akaligusa doa kwa kijiti, likatoa pembe mbili laini zenye harufu kali. Kumbe ni kiwavi! Tukaona haya mbele ya darasa zima.

Ndipo tukamvizia mama yake: kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano, asiye na mkia, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus. Huonja jani changa kwa miguu ya mbele, akataga yai moja tu, la manjano, dogo kuliko punje ya mtama, kisha huruka kwenye jani jingine.

Mayai sasa twayaondoa kila asubuhi. Yule mtoto ameomba mche mmoja usiguswe, nasi tumemwachia.