FUNDI KASEMA INJINI IMENOKI, KUMBE NI BATI TU!

Leo mastaa nawaweka pembeni, ingawa yupo mmoja ndani ya hii stori. Jina simtaji, mtajijua wenyewe.

Mnajua nina kiforester changu cha turbo, nimekidunduliza miaka mitatu. Mwezi uliopita kikaanza uzito. Naondoka kwenye taa, nakanyaga, gari inasita kama imekatazwa. Nikapeleka gereji moja hapa Dar. Fundi akachomeka mashine, akanitazama kwa huruma: "Kaka, inasoma noki. Injini imekwisha hii, tafuta nyingine." Milioni nne na nusu, bado ufundi!

Nikakaa kibanda cha chipsi pale nje, chipsi zikapoa. Jioni hiyohiyo staa wetu, ambaye magari yake yanatengenezwa palepale, akanipigia: "Nasikia gari limekufa, nikupe nne mkononi upumzike?" Nani alimwambia? Sijui. Na nilikaribia kukubali, sitawadanganya.

Aliyeniokoa ni dogo mmoja wa Tabata mwenye laptopu na waya wake. Kwanza akanipa darasa. Sisi mtaani tukisema injini imenoki, tunamaanisha beringi za konrodi zimelika, inagonga ko-ko-ko. Noki inayosomwa na kompyuta ya gari ni nyingine: petroli inajilipua ndani ya silinda kwa wakati usio wake. Kuna sensa imefungwa kwa boliti kwenye bloku, kazi yake kusikiliza mtetemo. Ikisikia, kompyuta inachelewesha cheche ili pistoni zisiumie, na gari inakosa nguvu. Shida ni kwamba sensa haina macho. Chuma chochote kikitetema karibu na sauti ile, yenyewe inahesabu noki.

Tukaingia barabarani, mimi naendesha, dogo kwenye laptopu. Namba ya kuchelewesha cheche ilikuwa inashuka mpaka -2.8 kila injini ikifika mizunguko 2,800. Gia ya pili, ya tatu, nikanyage kidogo au mpaka chini, palepale. Ikipita hapo, turbo ikajaza upepo wote, inarudi sifuri! Tukajaza petroli kituo kingine, bado 2,800. Dogo akasema noki ya kweli ingezidi pale injini inapobeba mzigo mkubwa, siyo kupotea.

Tukapaki. Mimi nashikilia 2,800, yeye kichwa kipo chini ya boneti. "Zima!" Bati la kukinga joto la ekzosi, boliti moja imeliwa na kutu, linalia chrrrrr. Akalibana kwa klipu kubwa ya chuma, ile ya mipira ya maji. Shilingi elfu tatu, wadau. Akakagua na boliti ya sensa, maana ikilegea au ikikazwa kupita kiasi nayo inadanganya. Tukarudi njia ileile: sifuri, sifuri, sifuri.

Nikamuuliza kwa nini asingechomoa tu waya wa sensa kama wanavyofanya wengine. Akacheka. Siku noki ya kweli ikija turbo inasukuma, hakuna wa kukushtua, utajua pistoni ikishapasuka.

Jumamosi nimekutana na staa kwenye foleni ya Mwenge. Kashusha kioo: "Vipi, hujauza tu?"

Taa ikawaka kijani, nikamwacha palepale.