Faili Asizozijua Mtu

Kaka alipofariki aliacha nusu ya mashua, deni la duka, na laptopu yenye skrini iliyopasuka. Mama hakutaka chochote ila sauti.

"Alikuwa akijirekodi," aliniambia barazani kwetu Bodo. "Nitafutie, mwanangu."

Diski ilikuwa imeharibika. Programu ya kuokoa data ilinirudishia faili bila majina: f0001, f0002, mpaka macho yakauma. Nikachuja za sauti tu. Zikabaki 6,000 na ushei. Kaka alikuwa akiwawekea vijana gemu na programu, kwa hiyo kila niliyoifungua ilikuwa risasi, kengele, au mlio wa Windows ukiwaka. Jioni Mama anauliza, "Umempata?" Nami, "Bado, Mama."

Ndipo nikakumbuka heshi. Ni hesabu inayopita kwenye kila baiti ya faili na kutoa alama moja. Ya SHA-1 ina herufi na tarakimu 40. Badilisha baiti moja tu, alama yote inageuka. Na jina la faili halihesabiwi, hivyo hata f0001 hutambulika. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, hukusanya programu, huzipiga heshi faili zake, na kutoa orodha bure. Inaitwa NSRL. Wachunguzi huitumia kuruka faili zinazojulikana. Haisemi faili ni nzuri au mbaya. Inasema tu, hii tunaijua.

Niliogopa kidogo. Je, ikimfuta kaka kimakosa? Mwaka 2017 watafiti wa Google na CWI ya Amsterdam walionyesha PDF mbili tofauti zenye SHA-1 moja. Lakini zile zilitengenezwa makusudi, kwa nguvu kubwa mno ya kompyuta. Sauti ya mtu haiwi mlio wa Windows kwa bahati mbaya.

Nikalinganisha. Zikabaki 311. Nyingi zilikuwa nyimbo za bango, maana orodha ile ni ya programu, haijui muziki wetu. Nikazisikiliza moja moja, usiku mbili.

Ya 204 ilikuwa yeye, akihesabu ndoo za samaki. Nyuma yake mwanamke anaita, chai inapoa.

Nilimpa Mama simu. Alisikiliza mara tatu kabla ya kusema kitu.

"Huyo anayeita ni mimi," akasema. "Kumbe aliniweka."