Chungu cha Manukato, toka Butembo hata Beni

Atokaye Butembo kwenda Beni hushuka. Njia ni ya kilometa 50 na zaidi kidogo, lakini hewa hubadilika kabisa: nyuma twaiacha baridi ya vilima vyenye mikaratusi, mbele twalakiwa na joto la mashamba ya kakao, kahawa na vanila. Pua hujua kwamba tumefika kabla ya macho.

Katika karne ya 18 mabibi wa Ufaransa walitandaza petali za waridi chunguni, tabaka kwa tabaka pamoja na chumvi, wakazifunika majuma kadhaa hata zikachacha. Wakakiita kitu hicho pot pourri, yaani chungu kilichooza. Jina baya kwa kitu chema! Kiwanda cha Sèvres kilitengeneza vyombo vyake vya kauri, vifuniko vimetobolewa matundu ili harufu itoke, vikawa pambo la nyumba za wakuu.

Chumvi ndiyo iliyolinda harufu. Na thamani ya chumvi Wanande wa kale hawakuhitaji kufundishwa: waliifuata hata Katwe, karibu na Ziwa Edward, mahali ambapo leo ni Uganda.

Ila manukato bora ya Beni ni vanila, nayo ni mgeni aliyetoka Meksiko. Ua lake hufunguka asubuhi moja tu, na huku kwetu lazima lichavushwe kwa mkono. Charles Morren, mwalimu wa chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji, alifaulu kufanya hivyo mwaka 1836. Lakini njia nyepesi, ya kijiti na kidole gumba, aliivumbua mwaka 1841 Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion. Mkulima wa Beni angali akifuata mkono wa mtoto yule.

Ganda hukaa katika mmea wake miezi 9 hivi, na likiwa bichi halinukii. Huchovywa katika maji ya moto, huvikwa mablanketi litoe jasho, huanikwa, kisha hulazwa sandukuni miezi kadhaa. Mwenye kuogopa mwizi huvuna mapema, akapata ganda lisilo na harufu. Tena tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika nchi ya Beni yamewafukuza wengi mashambani. Na asiyeweza kufika shambani asubuhi ile, ua limempita.

Basi kipande cha ganda kikipatikana kisitupwe, hata kama kimekwisha kutiwa katika maziwa. Kikaushwe, kitiwe chunguni pamoja na maganda ya machungwa, majani ya mkaratusi wa Butembo, chumvi, na waridi zilizonyauka altareni baada ya Jumapili. Akina mama wakoroge kila baada ya siku chache, wafunike tena. Chungu kisikae juani, maana jua hula rangi ya maua.