Jina Si Mizani



Tangu mwezi wa Januari, katika mabaraza yetu, katika madarasa ya kina mama na milangoni mwa misikiti baada ya sala ya Ijumaa, mazungumzo yamekuwa ni ya uchaguzi wa nchi ambayo wengi wetu hatujaikanyaga. Wamarekani watapiga kura tarehe 4 Novemba mwaka huu wa 2008. Chama cha Republican kimekwisha kumpata mtu wake, Seneta John McCain. Katika chama cha Democratic wamebaki wawili wanaovutana, Seneta Hillary Clinton na Seneta Barack Obama, na tarehe 22 mwezi huu wa Aprili watapimana tena katika jimbo la Pennsylvania.

Kina mama wa darsa moja wametuuliza: je, yafaa kumwombea Obama dua ashinde, maadamu jina lake la kati ni Hussein, babake alikuwa Mkenya, na nyanya yake huko Kogelo ni Mwislamu? Swali hili limetufikia mara nyingi, nasi hatukuona vyema kulijibu kwa neno moja.

Kwanza tuliangalie jina lenyewe. Tunaandika haya hali nchi yetu haijapoa. Baada ya uchaguzi wa Disemba uliopita, tuliona vizuizi vikiwekwa barabarani na vijana wakidai vitambulisho vya abiria. Hawakutaka kujua kama mtu ni mwema au mwovu. Walitazama jina tu, na jina likawatosha kumwacha mmoja apite na kumteremsha mwingine. Zaidi ya watu 1,000 wamekufa, na malaki wamehama makwao. Jambo tulilolililia Januari haliwezi kuwa halali Aprili kwa sababu tu safari hii jina linatupendeza. Kumchukia mtu kwa jina na kumpenda kwa jina ni matawi mawili ya mti mmoja.

Huko Marekani nako jina hilo limegeuzwa silaha. Mwezi wa Februari ilisambazwa picha ya Obama akiwa amevishwa mavazi ya wazee wa Kisomali alipozuru Wajir mwaka 2006. Kwetu sisi, kumvika mgeni vazi la heshima ni ukarimu. Huko picha ikachukuliwa kuwa ni ushahidi wa kosa. Wapo pia wanaovumisha kwamba yeye ni Mwislamu wa siri. Obama amesema wazi kuwa ni Mkristo, nasi hatuna haki ya kumkadhibisha mtu katika dini yake, wala ya kumvuta upande wetu kwa nguvu. Linalotusikitisha ni kwamba katika makelele yote hayo, uvumi huo unakanushwa kana kwamba ni tusi, na hatujamsikia mgombea hata mmoja akisimama kuuliza: na kama angekuwa Mwislamu, kuna aibu gani?

Sasa, ikiwa jina si mizani, mizani ni ipi? Wazee wetu wa elimu walitufundisha kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.). Mtu mmoja alisimama mbele yake kumsifu mwenzake kwamba ni mwadilifu. Umar akamuuliza mambo matatu: je, amepata kuwa jirani yake, akajua anavyoingia na anavyotoka? Je, amewahi kuamiliana naye kwa fedha? Je, amesafiri naye, safari ambayo ndani yake tabia hufichuka? Yule mtu akajibu la kwa yote matatu. Basi Umar akamwonyesha kwamba hamjui anayemsifu. Pengine amemwona tu msikitini akisali.

Sisi na wagombea hawa hatukujirani, hatukuuziana, hatukusafiri pamoja. Lakini wote watatu ni maseneta, na kura ya kila seneta huandikwa na huwekwa wazi kwa anayetaka kuisoma. Hizo kura ndizo muamala wao na ulimwengu. Tumechagua mambo mawili tu ya kuwapimia, kwa sababu yanatugusa: vita vya Iraq, na mtu anayefungwa bila ya kushtakiwa.

Katika vita, Seneti iliidhinisha mwezi wa Oktoba 2002 kwa kura 77 dhidi ya 23. McCain na Clinton wote wawili waliidhinisha. McCain hadi leo anavitetea, na Januari alisema hatajali majeshi yao yakikaa Iraq hata miaka 100, mradi askari wao hawauawi. Clinton sasa anataka majeshi yarudi, ila hakukubali kuomba radhi kwa kura ile; na Septemba 2007 aliunga mkono azimio la kutaka Walinzi wa Mapinduzi wa Iran waitwe kundi la kigaidi. Obama wakati ule hakuwa bado katika Seneti. Alisimama hadharani mjini Chicago Oktoba 2002 akavipinga vita kabla havijaanza, wakati ambapo kusema hivyo kulikuwa na gharama. Hilo ni lake na tumpe. Lakini alipoingia Seneti mwaka 2005 alipiga kura za kutoa fedha za vita hivyo hivyo, hadi Mei 2007 ndipo yeye na Clinton walipokataa. Na Agosti 2007 alitangaza kuwa yu tayari kushambulia ndani ya Pakistan ikiwa serikali ya huko haitachukua hatua.

La pili ni la mfungwa, nalo kwetu si habari ya mbali. Mwanzoni mwa mwaka 2007 watu waliokimbia vita vya Somalia, wakiwamo wanawake na watoto, walikamatwa katika nchi yetu, na wengi wao wakasafirishwa kwa ndege kutoka Nairobi hadi Somalia, kisha Ethiopia, pasina hukumu ya mahakama. Wengine wao walikuwa Wakenya. Mkenya mwengine alikamatwa hapa Mombasa mwezi wa Februari mwaka huo. Mwezi uliofuata Marekani ikatangaza kuwa yuko Guantanamo. Yuko huko mpaka leo, na hajashtakiwa. Hatusemi haya kwa kuwapuuza waliouawa Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, wala waliouawa Kikambala Novemba 2002. Aliyeua na afikishwe mbele ya hakimu. Hakimu ndiye tunayemtaka.

Septemba 2006 Seneti ya Marekani ilipitisha, kwa kura 65 dhidi ya 34, sheria ya mahakama za kijeshi. Sheria hiyo ilimnyima mgeni anayeshikiliwa kama adui ile haki ya kwenda mbele ya hakimu wa kawaida na kuuliza: nimefungwa kwa kosa gani? Clinton na Obama waliikataa. McCain aliikubali. Na hapa ndipo tulipotua kalamu kwa muda. McCain alitekwa Vietnam mwaka 1967, akateswa, akakaa kifungoni zaidi ya miaka mitano. Alipoambiwa aachiliwe mapema kwa sababu babake ni mkubwa wa jeshi la majini, alikataa kuwatangulia wenzake waliotekwa kabla yake. Katika kipimo cha Umar cha safari, huyo ni mtu aliyesafiri safari ngumu akabaki na murua wake. Tena mwaka 2005 yeye ndiye aliyesimamia sheria ya kukataza wafungwa kudhalilishwa. Mtu huyo ndiye aliyeinua mkono kumfungia mfungwa mwingine mlango wa hakimu. Wema wa mtu katika jambo moja haumdhamini katika jambo jingine. Kila jambo lina mizani yake.

Wote watatu wanaahidi kuifunga Guantanamo. Ahadi ni jambo jema, lakini tukumbuke mwaka 2000. Jumuiya kubwa za Waislamu wa Marekani zilimuunga mkono George W. Bush, na sababu mojawapo ni kwamba katika mdahalo wa televisheni alilaani matumizi ya ushahidi wa siri dhidi ya Waarabu wanaoishi Marekani. Guantanamo ilianza kupokea wafungwa Januari 2002, chini ya rais huyo huyo.

Basi jibu letu ni hili. Kwa mambo haya mawili, mizani ya Obama imeinama kidogo upande wa uadilifu kuliko ya wenzake. Tunasema kidogo, kwa kura zake na si kwa jina lake, na lau angeitwa John tungesema hivyo hivyo. Anayetaka kuomba dua, amwombe Mwenyezi Mungu awape Wamarekani kiongozi atakayeacha dhulma, yeyote awaye, na awafariji mama na wake wa wale waliofungwa bila hukumu. Lakini tusiitundike mioyo yetu Washington. Ndege zile za mwaka 2007 ziliruka kutoka uwanja wetu, kwa amri ya serikali yetu, na waliokuwa na wajibu wa kuuliza ni wabunge tuliowachagua sisi.

Kina mama, nyinyi ndio madrasa ya kwanza. Kijana akikwambia anampenda mgombea fulani, wa Marekani au wa mtaa wenu, usimuulize ni wa kabila gani wala ni wa dini gani. Muulize: majirani zake wanasemaje? Fedha za watu alizishika vipi? Dhiki ilipoingia, alisimama na nani? Asipokuwa na jibu, mwambie akatafute kwanza, ndipo azungumze.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuiona haki na ujasiri wa kuisema, hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Amin.