Mtu wa Kuniskiza, Juba

Kama uko Kakuma na unapanga kurudi Juba, wacha nikuambie: mshauri nasaha hapatikani kama fundi wa simu pale Konyo Konyo. Ni kuulizia.

Mimi nilirudi 2015 na kaka yangu. Julai 2016 vita vikalipuka mjini, nikabaki peke yangu. Usingizi ukanihama.

Mwaka huohuo Amnesty International iliandika kwamba nchi nzima ina madaktari 2 tu wa akili, wote Juba, na wodi yao pale Juba Teaching Hospital ina vitanda 12. Wagonjwa wengine walikuwa wanawekwa jela bila kosa. Sasa mtu kama mimi, anayeenda kazini, anapika, anacheka na majirani, nani angemwona mgonjwa? Na ukitaja akili tu, watu wanasikia "majnun". Wanasogea benchi.

Halafu kuna lugha. Kiarabu cha Juba nanunulia nyanya vizuri, lakini nimekulia kambini. Machungu yangu yanaongea Kiswahili.

Nilimpata kupitia wamama wa kanisa. Alisomea ushauri Uganda, anakaa na watu wachache chini ya mwembe kila Jumamosi. Hakuandika kitu. Aliniuliza, "Unataka tuongee lugha gani, mwanangu?"

Jumamosi ya tatu ndio niliweza kutaja jina la kaka.

Ukifika, anza kwa wamama. Wanajua nani anaweza kunyamaza na siri yako.