Kiwanja cha ndege cha Bukoba

Likizo inakaribia, watu wanapiga hesabu za nauli, na mimi nimejikuta nawaza kiwanja chetu cha ndege kule Bukoba.

Kwa wasiokijua: kiko mjini kabisa, ukitoka sokoni unafika kwa miguu. Huku vilima, huku Ziwa Victoria. Njia ya kurukia ni moja tu, urefu kama kilomita moja na nusu, na ukitoka mwisho wake hufiki mbali, maji haya hapa. Kwa miaka mingi ilikuwa changarawe tupu, lami imekuja miaka ya 2010. Wanaotua pale ni pangaboi. Midege mikubwa sisi tunaiona Mwanza.

Kadogo hivyohivyo, lakini watu wanakapenda bwana! Dar mpaka Bukoba kwa basi ni karibu kilomita 1,400, unashuka miguu imevimba. Na meli... MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, wakafa mamia ya watu. Tangu hapo wapo wazee kwetu ambao meli hata uwape tiketi ya bure, hawapandi. Mwenye uwezo akahamia kwenye ndege, alikwepe ziwa.

Ndiyo maana ile Jumapili ya 6 Novemba 2022 ilituuma mara mbili. ATR 42 ya Precision Air kutoka Dar, ndani watu 43, hali ya hewa mbaya, ikaangukia ziwani ikija kutua. Walikufa 19, wakapona 24. Waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Wakawatoa watu, baadaye zikafungwa kamba, umati ukavuta ndege kuelekea ufukweni kwa mikono.

Tuliwasifia sana wavuvi, na walistahili. Ila mvuvi alikuwa kazini kwake, kutafuta samaki. Kiwanja kinachotazamana na maji kinahitaji boti ya uokoaji na wazamiaji saa zote ndege zinaporuka na kutua, siyo gari la zimamoto peke yake. Habari za kujenga kiwanja kipya Omukajunguti tumezisikia miaka na miaka. Kikijengwa, safi sana. Ila abiria wa leo anatua hapahapa kando ya ziwa.

Watu wa Kagera mnasemaje? Ngoja nirudi kwenye noti, kesho kuna testi.